Nilivyochelewa saa nzima Amsterdam bila kuchelewa

Jirani yangu wa kibanda pale soko la Kariokor, Nairobi, dada anayeuza mikanda ya ngozi, ameitwa na wanunuzi Amsterdam. Tangu Jumatatu ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne nne, akiniuliza safari hiyo inakuwaje. Dada, haya hapa yote kwa pamoja, uniache niuze.

Mimi nilienda Novemba na sampuli za vyondo vya kina mama wa Mwala. Nilirudi na oda, ila nusura niikose kwa sababu ya maneno mawili.

Jioni niliyofika, mnunuzi alinipigia simu. Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu. Akasema tuonane kesho “half ten”. Kwa mtu aliyesomea Nairobi, hiyo ni saa nne na nusu asubuhi, hakuna mjadala. Kesho yake saa tatu na dakika arobaini niko hotelini napaka siagi kwenye mkate, simu inaita: uko wapi? Kumbe kwa Kiholanzi “half tien” ni nusu ya kuiendea kumi, yaani saa tatu na nusu yetu. Wao wanaitaja saa inayokuja, si iliyopita, na wakiongea Kiingereza baadhi yao wanaibeba hesabu hiyo hiyo. Nilifika saa nne na nusu kamili, najivunia kuwahi hesabu yangu mwenyewe. Hakunigombeza. Alisema tu, “Umechelewa, nina dakika kumi na tano.” Hapa kwetu ningetaja foleni ya Thika Road tukacheka, yakaisha. Kule haiishi hivyo.

Kwa hiyo kila miadi iombe kwa maandishi, kwa tarakimu: 09:30. Na usilitegemee jua likusaidie kuhesabu. Saa zetu tumezipima kwa jua la ikweta. Novemba kule linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama. Majira ya baridi wako nyuma yetu kwa saa mbili, ya joto kwa saa moja. Kina mama walinipigia saa kumi na moja alfajiri yao wakidhani nimeshaamka.

Viza usiikawize. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na wanataka yafike angalau siku kumi na tano kabla. Ada ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Barua ya mwaliko itoke kwa mnunuzi mwenyewe, itaje tarehe na nani atalipa nini. Taarifa ya benki nayo ionyeshe biashara inayopumua. Pesa iliyomwagwa kwenye akaunti wiki moja kabla inajieleza yenyewe.

Pesa sasa. Kule maduka na mikahawa kadhaa hawapokei noti kabisa, kadi tu. Kadi yangu ilikataa siku ya kwanza kwa sababu sikuwa nimeiarifu benki kwamba nasafiri, nikabaki nimesimama na maji ya chupa mkononi kama mwizi. (Maji yenyewe huhitaji kununua. Ya bombani yananyweka.) Treni, tramu na basi unagusisha kadi ya benki kwenye mashine unapoingia, na unagusisha tena unapotoka. Ukisahau ya kutoka, unakatwa zaidi. Kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol hadi stesheni kuu ya mjini ni kama robo saa, kwa hiyo teksi waachie wenye haraka. Hoteli za mjini ni ghali, na juu yake kuna kodi ya wageni ya asilimia 12.5, mimi nililala Haarlem, mji wa jirani, nikaja na treni. Njia ya rangi nyekundu kando ya barabara ni ya baiskeli. Usisimame hapo kupiga picha. Boda boda wetu ni wapole.

Zawadi: beba kahawa au majani ya chai. Mursik, nyama, chochote cha maziwa, acha nyumbani, forodha hawaruhusu. Wala hutalia sana, kwa sababu chakula cha mchana cha mkutano kilikuwa mkate na jibini, na glasi ya karnemelk, maziwa yao ya kuchacha. Nikaonja. Mala kabisa! Nikaomba ya pili, na nadhani hapo ndipo yule bwana alipoanza kunisamehe.

Sampuli zako ziwe chache. Vyondo vyangu vitano nilivipachika kimoja ndani ya kingine kama sufuria, pamoja na karatasi ya idadi, thamani, na kwamba ni sampuli. Mnunuzi hakuangalia rangi kwanza. Alikigeuza kiondo juu chini, akapitisha kidole gumba kwenye kitako pale mkonge unapoanzia, akakuta uzi mmoja umelegea. Akaniambia waziwazi, mbele ya msaidizi wake, kwamba hicho hakitaki. Usinune. Ndivyo wanavyoongea, na ukimjibu hivyo hivyo hanuni. Nilimwambia bei yake ni ndogo mno. Akapandisha.

Aliagiza arobaini, akasema anavitaka “wiki ya 11”. Huko biashara inahesabu wiki za mwaka kwa namba, na hiyo inaangukia katikati ya Machi. Mimi nikapeleka ujumbe Mwala kama nilivyoupokea. Mwenyekiti wa kikundi akapiga simu: “Wiki ya kumi na moja tangu lini, mwanangu? Tangu ulipoondoka, ama tangu tutakapolipwa?”