Lea, binti wa Labani

Somo: Mwanzo 29:21–35, 30:14–20, 31:1–55

Wapendwa katika Bwana, tunaposoma jinsi Labani alivyomdanganya Yakobo huko Harani, kwa kawaida tunamhurumia Yakobo, aliyetumika miaka 7 kwa ajili ya Raheli, mdogo wake Lea, na asubuhi akakuta kwamba aliyeletewa ni Lea. Juma hili naomba tumtazame Lea mwenyewe. Maandiko yanasema kwamba jioni ile baba yake alimtwaa akampeleka kwa Yakobo. Hayasemi kama aliulizwa, kama alilia, wala kama alijua mapema hila iliyopangwa. Aliingia katika ndoa yake akiwa chombo cha uongo wa mtu aliyepaswa kumlinda.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kulelewa na mzazi mdanganyifu, kwa kuwa mzazi huyo humwingiza mtoto katika udanganyifu wake, akamgawia sehemu ya kusema au ya kunyamaza. Mtoto hutumwa mlangoni kumwambia mdai kwamba baba amesafiri, hali baba yuko chumbani. Mwingine huonywa na mama asitaje nyumbani mkopo uliochukuliwa kwenye kikundi, na mwingine hukua akimwita shangazi mwanamke aliyemzaa, huku ukoo mzima ukijua. Mtoto huyo huzoea kuusoma uso wa mzazi kabla ya kujibu swali lolote, hata lile jepesi, na akiwa mtu mzima akiulizwa anapenda nini au anaamini nini, hutafuta kwanza jibu litakalompendeza anayeuliza.

Yakobo alipolalamika, Labani hakukana neno. Alijibu, "Havitendeki hivi kwetu, kumtoa mdogo kabla ya mkubwa." Jibu hilo linanitia uchungu kila ninapolisoma, kwa sababu mila, ambayo ni kitu chema, imefanywa maficho ya hila. Kama desturi ilikuwa hiyo, Labani alikuwa na miaka 7 ya kuisema. Wengi wetu tulidanganywa kwa maneno ya heshima namna hiyo, kwa jina la ukoo, kwa adabu kwa wakubwa, hata kwa jina la Mungu, na ndiyo maana wapo waumini wanaoingia kanisani wakiliogopa neno jema likisemwa kwa upole.

Maneno ya kwanza ya Lea yaliyoandikwa ni yale ya kumzaa Reubeni, kwamba Bwana ameona teso lake na sasa mumewe atampenda. Kwa Simeoni alisema Bwana amesikia. Kwa Lawi alitumaini kwamba mumewe ataungana naye. Na kwa Yuda akasema, "Mara hii nitamsifu Bwana," pasipo kumtaja mume wala baba. Wahubiri wengi huishia hapo, lakini Maandiko yanaendelea. Katika sura ya 30 Lea anagombana na ndugu yake Raheli juu ya tunguja, matunda ya kondeni, na anapomzaa Zabuloni, mwanawe wa 6, anarudia tumaini lile lile, kwamba sasa mumewe atakaa naye. Nashukuru kwamba jambo hili halikufichwa. Mtu aliyelelewa katika uongo anaweza kuonja uhuru mbele za Mungu, kisha baada ya muda akajikuta tena anahangaikia kukubaliwa na watu. Kurudi nyuma huko hakukufuta sifa ya Lea, wala Mungu hakuisahau, maana katika uzao wa Yuda alizaliwa Daudi, na katika ukoo huo huo Bwana wetu Yesu.

Miaka mingi baadaye, Yakobo alipowaita Raheli na Lea machungani, wote wawili waliyasema wazi yaliyotendeka: baba yao aliwahesabu kuwa wageni, aliwauza, na fedha zao akazila. Wapo waliofundishwa kwamba amri ya kuwaheshimu wazazi inawalazimu kunyamaza, lakini wanawake hawa hawakutukana wala hawakulaani. Walitaja tendo kwa jina lake, na Maandiko hayawakemei. Hata hivyo, walipotoroka pamoja na Yakobo, Raheli aliondoka na terafi za baba yake, yaani sanamu za miungu ya nyumbani, alizoziiba, akazificha katika matandiko ya ngamia na kumdanganya baba alipokuja kupekua. Aliukimbia uongo wa nyumbani huku ameubeba. Kuchukia udanganyifu wa mzazi hakutoshi kuuondoa kinywani mwetu, na kwa hiyo agizo la Waefeso 4:25, la kuvua uongo na kusema kweli kila mtu na jirani yake, latuhusu sisi pia tuliodanganywa.

Labani aliwafuatia mwendo wa siku 7 hata mlima wa Gileadi. Hapo yeye na Yakobo walifanya chungu ya mawe, wakaapa kwamba hakuna upande utakaoivuka kwa kumdhuru mwenzake, na asubuhi Labani akawabusu watoto wake, akawabariki, akarudi kwake. Binti zake wakaendelea na safari. Kwa aliye na mzazi wa namna hii angali hai, naona hapa ruhusa kubwa. Unaweza kumsalimu, kumtumia matumizi, kumuuguza akilala hospitalini, na bado ukakataa kutia sahihi hati usiyoielewa au kuthibitisha mbele ya ndugu jambo unalojua si kweli.

Juma hili, mwenye jeraha hili na amtafute mtu mmoja mwaminifu, awe mchungaji, mzee wa kanisa au ndugu wa jumuiya, amsimulie jambo moja kama lilivyotukia, bila kulipamba wala kulipunguza, kisha wasome pamoja Zaburi 51:6 na kuomba.