Jumapili ya Kuhesabu Kura

Ayalandi ilipiga kura Jumamosi, 8 Februari 2020. Kesho yake saa tatu asubuhi nilikuwa nimeegemea kizuizi cha chuma ndani ya ukumbi wa michezo, penseli mkononi, wakala wa chama kama walivyokuwa wengi pale. Upande wa pili makarani walimwaga sanduku mezani, wakawa wanakunjua karatasi moja moja. Kazi yetu ni kuchungulia: namba 1 kapewa nani? Unatia kijistari, unawahi nyingine. Karani akiwa mwepesi zinakupita tano sita, na wakala wa chama pinzani ndiye anayekutajia, maana mawakala wote hujumlisha pamoja. Adhuhuri ukumbi mzima ulishajua hali, msimamizi hajatamka neno.

Jimbo letu lilikuwa na viti vinne na mgombea wetu alishika nafasi ya nne. Nikapiga simu nyumbani: tumepita.

Haraka yangu. Kule mpiga kura hupanga wagombea 1, 2, 3, mpaka achoke. Kiwango cha ushindi ni kura halali, gawanya kwa idadi ya viti ukiongeza kimoja, kisha jumlisha 1. Kura 50,000 kwa viti vinne ni 10,001. Aliyepata 12,001 ana ziada ya 2,000. Kura zake zote hupangwa upya kwa chaguo linalofuata. Kama nusu zimemtaja fulani, fulani huongezewa takriban 1,000, na karatasi zenyewe huchukuliwa juu ya fungu. Ziada zikiisha, wa mkiani huondolewa na kura zake kugawiwa.

Mwaka ule chama cha Sinn Féin kilisimamisha wagombea 42 tu nchi nzima, yenye viti 160 vya bunge, kisha kura zikawafurikia kuliko walivyotazamia. Ziada ikakosa mwenzao wa kuipokea, ikamwagikia vyama vidogo vya mrengo wa kushoto. Jimboni kwetu mgombea wa nafasi ya sita, wa kimoja cha vyama hivyo, alikuwa akizoa mamia kila mzunguko wa kuhesabu, wetu akiambulia thelathini, hamsini. Watu wanaokupa namba 1 hawatoshi. Unahitaji pia majirani wasiokuchukia, wakupe namba 3.

Mzunguko wa nane, karibu saa tano usiku, wa sita akampita wetu. Nikatoka nje kwenye baridi kupiga simu ya pili.