Dart ya 1968 na swali la V8

Gari lenyewe ni Dodge Dart ya mwaka 1968, ya milango minne na injini ya silinda sita, na sasa ni mwezi wa tano likiwa juu ya mawe, likinisuta kila nifunguapo mlango wa gereji. Karibu wote waliokuja kulitazama wameinua boneti, wakaiangalia injini iliyoinama ubavu, kisha wakauliza swali lile lile kuhusu injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V: V8 unaiweka lini? Mwanzoni nilikuwa nikijibu kwa kutaja mwezi. Siku hizi jibu langu limebadilika, na nimeona niandike limebadilikaje, kwa kuwa uamuzi huu umenichukua muda mrefu kuliko kazi yoyote niliyokwisha kuifanya kwa mikono yangu kwenye gari hili.

Nilianza kwa kusoma bamba la namba lililo juu ya dashibodi upande wa dereva, ambalo huonekana kupitia kioo cha mbele. Namba inaanza kwa LL41B8B. Herufi L ya kwanza ni Dart, ya pili ni daraja la bei ya chini, 41 ni sedani ya milango minne, B ni injini ya inchi za ujazo 225, yaani kama lita 3.7, 8 ni mwaka 1968, na B ya mwisho ni kiwanda cha Hamtramck, Michigan. Namba hizo zilinipa uhuru ambao sikuutarajia. Mwenye Dart GTS ya mwaka huo huo, iliyotoka kiwandani na V8 ya inchi 340 yenye nguvu za farasi 275, amefungwa mikono, kwani kila kitu kisicho cha asili anachokiongeza kinaweza kumpunguzia thamani siku ya kuuza. Langu lilitengenezwa kwa ajili ya kwenda kazini na kurudi. Hakuna mnunuzi atakayekuja na tochi kuhakikisha kwamba namba ya injini inalingana na ya bodi, na kwa hiyo swali la kulirudisha katika hali ya kiwandani, boliti kwa boliti, lilijiondoa lenyewe mapema.

Lakini kabla ya kufikiria litakuwa gari la namna gani, ilinibidi nijue kama litaendelea kuwa gari. Dart haina chasi inayojitegemea. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Isitoshe, mbele haina springi za kuzunguka kama za magari mengi, bali ina fito mbili ndefu za chuma zinazojisokota gurudumu linapopanda, na ncha za nyuma za fito hizo zimeshikwa na boriti inayopita chini ya sakafu, kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine. Boriti hiyo ikiliwa na kutu, uzito wote wa mbele hauna pa kushika. Basi nililala chali chini ya gari nikiwa na nyundo ndogo, nikaigonga kidogo kidogo kuanzia kushoto hadi kulia. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya boksi lililolowa. Boriti ililia kote. Sakafu ya upande wa dereva haikulia: bisibisi ilipenya bila kusukumwa, na nilipobandua zulia nikaona tundu linaloingia ngumi. Sumaku nayo iligoma kushika sehemu ya chini ya madigadi ya nyuma, dalili kwamba kuna mtu aliyewahi kujaza puti badala ya kuchomelea. Simlaumu sana, ingawa nitakayeikwangua ni mimi.

Tuje sasa kwenye injini, kwa sababu ndiyo chanzo cha maneno yote. Chrysler, kampuni iliyokuwa ikimiliki Dodge, waliitoa kwa mara ya kwanza kwenye magari ya mwaka 1960, silinda zake sita zikiwa zimelazwa kwa nyuzi 30 upande wa kulia ili boneti liweze kuwa fupi kwa kimo. Mashine hii haina majivuno. Nguvu yake iliyotangazwa ilikuwa farasi 145, na hata hizo zilipimwa kwa utaratibu wa zamani wa Marekani, injini ikiwa peke yake mezani bila mizigo inayoibeba ndani ya gari. Hata hivyo krankshafti yake, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ni ya chuma kilichofuliwa, na sifa yake ya kudumu haikutokana na matangazo ya biashara. Nilipopima mgandamizo, hakuna silinda iliyopishana na nyingine kwa zaidi ya pauni 10. Kisha nikairekebisha nafasi ya valvu, kazi inayofanywa injini ikiwa ya moto: inchi 0.010 kwa zile za kuingiza na 0.020 kwa za kutolea moshi. Ule mlio wa vyombo vikigongana jikoni ukageuka ukawa mlio wa cherehani. Nilikaa pale nikiusikiliza kwa dakika kadhaa, na nakiri kwamba ndipo V8 ilipoanza kunitoka moyoni.

Moyo peke yake usingetosha, ndiyo maana nilichukua karatasi. V8 haiji peke yake. Kwa Dart za miaka hii, fremu ndogo inayobeba injini ya silinda sita si ile ya V8, kwa hiyo inang'olewa. Giaboksi ya otomatiki imetengenezwa pamoja na kengele yake ya mbele, yaani ganda linaloiunganisha na injini, kama kipande kimoja, na kengele hiyo haishikani na V8, kwa hiyo nayo inatoka. Fito za mbele ni nyembamba mno kwa uzito mpya, rejeta ni ndogo, na difu niliyonayo, yaani gia za ekseli ya nyuma, ya inchi 7¼, ni nyepesi kiasi kwamba mguu mzito ungeimaliza mapema. Nilipofika chini ya karatasi niliona kwamba kilichobaki cha gari langu ni milango, viti na vioo. Ninaowajua wanaoifanya kazi hiyo wanaifanya vizuri na wanafurahia. Ila wengi wao walianza na ganda tupu lisilo na injini, wala hawakuitupa iliyo nzima.

Breki ndizo zilizonipa shida ya kweli. Gari la silinda sita lilipewa dramu za inchi 9 kwenye magurudumu yote manne, na ingawa zinasimamisha gari vizuri mara ya kwanza, ukishuka mlima mrefu zinapata moto na kanyagio linakuwa kama unakanyaga mto wa kulalia. Dawa inayojulikana ni kuchukua breki za diski za Dart za mwaka 1973 hadi 1976, ambazo zinafungika bila kukata kitu. Tatizo ni kwamba rimu zangu zina boliti tano kwenye duara la inchi 4, na zile diski zinataka duara la inchi 4½. Ukibadilisha mbele, rimu za mbele na za nyuma haziingiliani tena, na tairi ya akiba inakufaa nusu ya safari tu. Kwa hiyo uamuzi wa breki za mbele ukawa pia uamuzi wa ekseli ya nyuma, na wa ekseli ukawa wa rimu tano mpya. Nilifikiria kubaki na dramu lakini za inchi 10, kama zilizofungwa kwenye zenye V8, nikaacha. Nataka kulitumia gari hili barabara kuu, katikati ya magari ya leo yanayosimama ghafla, na hapo sitaki ubishi. Diski zitafungwa, na ekseli ya nyuma ya miaka hiyo hiyo itafuata.

Nitapoteza kitu kimoja ninachokipenda. Nati za magurudumu ya kushoto kwenye Dart yangu zinafunguka kinyume, kwa kuzungusha upande ambao kwa magari mengi ungekuwa unakaza, na boliti zake zimepigwa muhuri wa herufi L kwenye ncha. Nilikata moja siku ya kwanza kwa kutumia nguvu badala ya macho. Sehemu za mwaka 1973 na kuendelea hazina mtindo huo.

Umeme nao hauna mjadala. Katika mpangilio wa kiwandani, umeme unaotoka kwenye alteneta kwenda kuchaji betri hupita ndani hadi kwenye mita ya ampea iliyo kwenye dashibodi, ukipenya ukuta wa injini kupitia kiungo cha plastiki. Nilipokichomoa kiungo hicho, vipini viwili vilikuwa vimegeuka rangi ya kahawia na plastiki iliyovizunguka imelainika ikaganda upya. Nitavuta waya mnene wenye kinga yake moja kwa moja kutoka alteneta hadi betri, na ndani ya mita nitaweka mashine ya kupima volti huku uso wake ukibaki ule ule. Hili ni jambo la usalama, na hata mshika asili mkali kuliko wote nadhani atanivumilia.

Ukichunguza niliyoyakubali utaona kwamba yote yanatoka kwa spana: fremu ya injini haikuguswa, na dramu, ekseli na rimu za zamani zitafungwa kwenye sanduku lenye lebo, ili atakayelitaka gari kama lilivyotoka Hamtramck asihangaike. Nilichokataa ni msumeno na moto mahali ambapo kutu haijafika. Hata kabureta nikija kuitamani kubwa zaidi, ipo njia ya Chrysler wenyewe, kwani mwaka 1977 injini hii ilianza kupatikana na manifoldi (mabomba yanayogawa hewa na mafuta kwenye silinda) ya kabureta ya midomo miwili, na inafungika mahali pa ya zamani.

Rangi itasubiri. Ya sasa imepauka kwenye paa na kwenye boneti, lakini ndani ya buti bado inang'aa, na sioni haraka ya kuamua kati ya hizo mbili kabla chuma kilicho chini yake hakijapona.

Vipande vya sakafu nimekwisha kuviagiza. Vikifika nitang'oa kiti cha dereva, nitakata mpaka nikutane na chuma kinacholia, na boneti litakaa limefungwa hadi kazi hiyo iishe.