Wiki ya darasa: kumbukumbu ya muhula wa kwanza

Mtambo kwanza, maana hauna maneno mengi. Wiki yetu, yaani tovuti ambayo kila mwanafunzi anaruhusiwa kuiandika na kuihariri, inakaa kwenye Raspberry Pi moja, kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani, iliyofungwa nyuma ya meza katika chumba cha kompyuta, imeunganishwa na rauta kuukuu isiyo na simukadi. Intaneti hakuna wala haihitajiki. Mwanafunzi anafungua kivinjari, anaandika anwani niliyoibandika ukutani, anaingia kwa jina lake. Programu ni DokuWiki. Niliipendea jambo moja: haitumii hifadhidata, kila ukurasa ni faili la maandishi matupu, kwa hiyo nikitaka akiba nanakili folda nzima kwenye flashi na kwenda zangu. Umeme wa huku hukatika bila hodi, lakini kinachopotea ni ile aya tu ambayo mtu alikuwa hajaihifadhi.

Darasa ni kidato cha kwanza, somo ni Historia ya Tanzania na Maadili. Tuko mkoa wa Tanga, basi mada ikajichagua yenyewe: vita vya pwani dhidi ya Wajerumani vya 1888 na 1889. Pangani si mbali, na baadhi ya watoto wana bibi na babu huko.

Kizingiti cha kwanza kilikuwa kufuli. Mtu akifungua ukurasa kuuhariri, DokuWiki inawazuia wengine mpaka ahifadhi, au mpaka kufuli liishe lenyewe, ambalo kwa kawaida ni dakika 15. Kundi zima lilikuwa limejazana kwenye ukurasa mmoja wa Abushiri, mmoja wa viongozi wa vita hivyo, mmoja anachapa kwa kidole kimoja, wengine wanapiga soga. Ningeweza kupunguza muda huo kwenye mipangilio. Badala yake tuliukata ukurasa vipande: mkataba wa Aprili 1888 kati ya Sultani Khalifa wa Zanzibar na kampuni ya Kijerumani, Abushiri bin Salim, Bwana Heri wa Saadani, kamanda wa Kijerumani Wissmann na askari wake wa Kisudani. Kila kipande na kiungo cha kwenda kwa mwenzake. Kufuli likaacha kusumbua, na watoto wakalazimika kuamua habari ipi inakaa wapi, kazi ambayo insha haiwapi kamwe.

Lakini kuandika si ndiko kugumu. Kugumu ni kugusa sentensi ya mwenzako. Ward Cunningham alipoweka wiki ya kwanza hewani mwaka 1995, aliwawekea watengeneza programu, watu waliozoea kurekebishiana kazi. Watoto wetu wamelelewa kinyume: daftari ni lako, jicho likienda kwa jirani umeshaitwa mwangaliziaji. Kwa hiyo kila mmoja aliongeza aya yake chini ya aya za wengine, na ukurasa wa Bwana Heri ukawa na utangulizi mara tatu. Niliwaambia wafute. Hakuna aliyefuta.

Kilichovunja ukimya ni kifo cha Abushiri. Binti mmoja alikuwa ameandika kwamba Wissmann alimkamata vitani. Mwenzake akaibadilisha: alikamatwa na jumbe mmoja wa bara, akakabidhiwa kwa Wajerumani, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Kesho yake sentensi ya kwanza ilikuwa imerudi. Ikabadilishwa tena. "Mwalimu, huyu kanifutia!" Nikawafungulia ukurasa wa mjadala pembeni, nikawapa sharti moja: ukibadilisha, uandike umeyatoa wapi. Mmoja hakuwa na la kuonyesha zaidi ya "nimesikia". Wa pili alikuja na fotokopi ya kurasa mbili kutoka maktaba, zimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Sentensi ya jumbe ikabaki, na yule wa kwanza ndiye aliyeongeza kwamba mwenyeji kumtoa mwenyeji mwenziwe ni jambo la kuulizwa sababu yake. Ukurasa wa mjadala sasa ni mrefu kuliko makala yenyewe, nami sina haraka ya kuufunga.

Tangu hapo wanafutana bila kuombana radhi. Historia ya ukurasa inanionyesha nani kaweka nini na saa ngapi, neno lililotoka na lililoingia, kila moja kwa rangi yake. Walimu wenzangu wanaipenda kwa kukamata wavivu. Mimi sitoi alama kwa wingi wa maneno, maana wanafunzi hung'amua haraka na kujaza maji. Nasoma kile kisanduku kidogo cha muhtasari chini ya uwanja wa kuhariri. "Nimerekebisha" haina alama. "Nimetoa utangulizi wa pili kwa sababu unarudia wa kwanza" inayo.

Kazi ya muhula ujao: mkondo wa pili wa kidato hichohicho utapewa kurasa hizi kama zilivyo, si wiki mpya. Wa mkondo wa kwanza wameshaanza kuuliza kama watabaki na ruhusa ya kuhariri. Watabaki nayo. Kinachotafutwa kwa sasa ni betri ya akiba ya kuishikilia Pi umeme ukiondoka katikati ya kipindi, na mtu wa kusimamia chumba siku za Ijumaa.