Kati ya Nguzo na Nguzo

"Baba, taa yake inawashwa wapi?"

Ni mwanangu, yule wa maswali. Alikuwa amepekua sanduku ambalo sijaligusa tangu tuhame, akaibuka na Game Boy Advance yangu, mashine ya mkononi ya gemu ya Nintendo, anaigeuzageuza akitafuta pa kuongeza mwanga. Nikamwambia haina taa. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuna nyumba isiyo na mlango. Kaseti ya gemu bado ilikuwa ndani: Crouching Tiger, Hidden Dragon. Nikaketi sakafuni pale pale.

Skrini ya mashine ile ya mwaka 2001 haikuwa na mwanga wake, iliuazima. Ukikaa dirishani mchana unaona kila kitu. Jua likizama, na gemu inazama. Mwaka 2003 Nintendo walitoa ile ya kukunja, SP, yenye taa ndani, lakini hiyo hatukuwa nayo. Mwaka huo huo kampuni ya Ubisoft ikatoa gemu hii, iliyotokana na filamu ya Ang Lee ya mwaka 2000, ambayo pambano lake la kwanza linapiganwa usiku juu ya mapaa. Filamu ya usiku kwenye skrini isiyo na taa. Tuliipenda hivyo hivyo.

Tuliipenda mimi na dada. Filamu tulikuwa tumeitazama pamoja mara tatu, na kila mara alinigusa kiwiko pale mwigizaji Michelle Yeoh anapomkanyaga mwizi mguu ili asipae. Mwizi anataka kuruka aende zake, Michelle Yeoh anamrudisha chini, anaponyoka, anamrudisha tena. Dada ndiye aliyenieleza kwamba waigizaji walining'inizwa kwa waya, na waya zikafutwa baadaye kwa kompyuta. Sikutaka kujua. Kwangu mimi watu wale waliruka kwa sababu walijifunza kuruka. Kwenye gemu hakuna wa kukurudisha chini taratibu: ukiukosa ukingo, umekufa, unaanza upya.

Usiku ninaoukumbuka zaidi na mashine hii ulikuwa wa kumpeleka dada masomoni. Mbali. Baba anaendesha, mama mbele, sisi nyuma na mabegi yasiyoenea kwenye buti. Sikumbuki tulisimama wapi wala tuliongea nini. Nakumbuka barabara kuu baada ya jua kuzama, na taa zake za manjano.

Mwanga wa kila nguzo uliingia kwa kioo cha mbele, ukapanda magotini mwangu, ukapita juu ya skrini, ukatokea nyuma. Kwa kitambo cha kupepesa jicho nilimwona Li Mu Bai, shujaa niliyemchezesha, amesimama ukingoni, upanga mkononi. Kisha giza. Nguzo nyingine: yupo bado. Giza. Muziki haukukatika, na vidole vyangu vilijua vitufe vilipo, ila sikujua kama mtu wangu yu hai mpaka taa inayofuata inijulishe. Nikaruka. Mwanga ulipokuja, ukingo ulikuwa mtupu. Nikarudishwa mwanzo wa leveli.

"Subiri," dada akasema. Akaniegemea. "Moja, mbili. Moja, mbili." Alikuwa anahesabu nafasi kati ya nguzo na nguzo. "Taa ikipita, piga hatua kwenye moja, ruka kwenye mbili. Ikija nyingine tutaona umefika wapi."

Tukaenda hivyo. Moja, mbili, mwanga: kavuka. Moja, mbili, mwanga: kavuka tena. Sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba hata mama hakugeuka. Mara alikosea yeye, mara nilikosea mimi, na hatukulaumiana, jambo ambalo kwetu lilikuwa geni. Tukafika pale paliponishinda wiki nzima, pengo pana kuliko yote, hata mchana silivuki. Ndipo kile kitaa kidogo cha pembeni kikageuka kutoka kijani kuwa chekundu. Betri zinakata roho.

Dada alikiona. Akatazama mbele, katikati ya mabega ya baba na mama. "Na nguzo zinakwisha," akasema. "Zimebaki tatu."

Ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu ikamkuta Li Mu Bai ncha kabisa ya ukingo, halafu barabara yote ikawa nyeusi.

"Ruka."

"Sioni."

"Hata ukibaki huoni. Moja, mbili. Ruka."

Nikabonyeza.

Taa nyingine haikuja. Nilisikia kishindo kidogo, ambacho kingeweza kuwa cha miguu kugusa chini au cha kitu kingine. Muziki ukaendelea kidogo, ukakatika. Sote wawili tuliendelea kukodolea skrini iliyokufa. "Amefika," dada akasema. Sikumjibu. Baba akasema tunakaribia.

Baadaye nililivuka pengo lile mchana kweupe, kwa betri mpya, na sikusikia chochote moyoni. Barua yake ya kwanza ilimalizia kwa kuuliza kama Li Mu Bai yu mzima. Nikajibu mzima, kwa sababu kwenye gemu ndivyo ilivyokuwa. Kwenye filamu anakufa kwa sumu, dawa ikiwa njiani. Na msichana yule mwizi, Jen, mwishoni anajirusha kutoka mlima Wudang, anaelea ukunguni, na Ang Lee hatuonyeshi alipotua. Zamani mwisho ule uliniudhi sana. Siku hizi naurudia, na bado sijaamua kama ni huzuni au la.

Jana usiku nilimtumia dada picha ya mashine mkononi mwa mwanangu. Nikamuuliza kama anakumbuka kunihesabia nguzo.

Akajibu: "Nilikuwa nazihesabu tangu tulipotoka nyumbani. Wewe ulinisikia tu nilipofika karibu na mwisho."

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Mwanangu ametoa betri mbili kwenye rimoti, amezitia, na ameisogeza mashine dirishani kama nilivyomfundisha. Anasema kuna mtu amesimama ukingoni, na anauliza aruke lini.