Siku ya mwisho ya kuni Mang'ula

Pale Mang'ula mlima na watu wamebanana. Unatoka mlango wa nyuma, unapita migomba na majaruba machache ya mpunga, na Milima ya Udzungwa imeshaanza kupanda, msitu mtupu hadi mawinguni. Upande wa pili wa barabara ya Ifakara ndiko bonde la Kilombero lenyewe: mpunga, miwa na reli ya TAZARA. Mlima ulipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992, kilomita za mraba 1,990, mpaka ulipita migongoni mwa vijiji. Kilichotuwezesha kuishi na mpaka huo ni ruhusa moja: kuna siku ya wiki wanakijiji waliingia kuokota kuni kavu, bila panga wala shoka. Kwetu iliitwa siku ya kuni, na hata misiba na harusi vilipangwa kwa kuikwepa.

Katikati ya mwaka 2011 ruhusa hiyo ikaisha. Nilikuwa nimerudi likizo ya Juni, niko sekondari, na bibi akatangaza kwamba siku ya mwisho mimi ndiye nitakayekwenda naye. "Wewe una miguu, mimi nina macho," alisema.

Tulifika kungali na umande. Wanawake walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona, wengine wametoka vijiji vya mbali, kila mmoja na ngata yake na kamba kiunoni. Askari wa hifadhi aliyekuwa akikagua alikuwa kijana mdogo. Alimpigia bibi shikamoo kwa heshima zote, akaitikiwa marahaba, kisha akanyoosha mkono kudai mundu uliofichwa kwenye khanga.

"Huu wa kukatia kamba, mjukuu wangu."

"Najua, bibi. Utaukuta hapa ukirudi."

Ndani ya msitu nilielewa kwa nini alihitaji macho. Kando ya njia kuni kavu zilikuwa zimekwisha zamani. Ilibidi tupande, tukisikiliza maji upande wa kushoto, mpaka tukapata tawi kubwa lililoanguka lenyewe. Bibi alilikanyaga hapa na pale, likakatika alipotaka likatike. Njiani alininyooshea kidole nyani fulani wa kijivu mwenye mkia mrefu, aliyekuwa akifukua majani chini. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba huyo ni mangabe wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Bibi alikuwa akimfahamu tangu utotoni na hakuona sababu ya kumshangaa.

Nyuma yetu nilisikia vitu vinavunjika kwa sauti tofauti. Kuni kavu hukatika kwa mlio mmoja mkali. Mti mbichi hulalamika kwanza. Kila mtu aliusikia mlio ule, na hakuna aliyegeuka. Ilikuwa siku ya mwisho, na kila mwanamke alikuwa akipiga hesabu ya jikoni kwake.

Wakati wa kushuka tulipishana na watalii wanaopanda na mwongozaji wao, viatu vizito, chupa za maji. Tulijibana pembeni na mizigo kichwani ili wapite. Tulipofika kwa askari bibi akauliza, bila hasira, kama na hao nao watakatazwa wiki ijayo.

"Hao wanalipa, bibi. Na hawatoki na kitu."

Nimelifikiria sana jibu lile. Lina ukweli wake: mtu anayekwenda kutazama maporomoko ya Sanje, mita 170 za maji, haachi pengo msituni kama mamia ya watu wanaotoka na mizigo kila wiki, mwaka hadi mwaka. Ila aliyekuwa akijibiwa alikuwa mtu asiye na jiko la gesi.

Kisha askari akaanza kukagua mizigo. Katika wa mama mmoja jirani yetu akachomoa mti mwembamba, akaukwaruza kwa kucha. Chini ya gome palikuwa kijani.

"Mama, hii mbichi."

Kabla mwenyewe hajajibu, bibi akadakia: "Hakuna kavu ambayo haikuanza mbichi."

Watu walicheka, hata askari. Halafu akasema taratibu, karibu kama anaomba, kwamba hiyo miti midogo ndiyo ingekuwa mikubwa, na ikiisha, vijito vinavyonywesha majaruba yetu navyo vitaondoka. Bibi akamwambia maji anajua yanakotoka, alianza kuyachota kijana hajazaliwa. Hawakuwa wanabishana kwa kweli. Kila mmoja alikuwa anasema jambo ambalo mwenzake analijua. Sharti la kuni kavu lilikuwa zuri kwenye karatasi, lakini lilimwachia kijana mmoja mwenye kucha kazi ya kuamua mlima mzima. Mimi naamini kulifunga lile lango kuliusaidia msitu. Siamini kwamba gharama yake iligawanywa sawasawa; ilibebwa na wanawake, kama kuni zenyewe.

Ule mti mbichi akauacha upite. Bibi akarudishiwa mundu wake.

Tulielezwa habari za majiko banifu, ya kuchomea pumba za mpunga, na za kupanda miti mipakani mwa mashamba. Bibi alipanda. Lakini mti hauivishi ugali wa wiki ijayo, na kuni za siku ile hazikufika hata mwisho wa likizo yangu. Asubuhi moja akapita kijana na baiskeli iliyosheheni magogo, manene, yaliyokatwa kwa shoka. Bondeni ng'ambo kulikuwa na msitu mdogo wa Magombera, ambao wakati huo haukuwa na ulinzi kama wa mlimani. Bibi aliyazunguka yale magogo, akayagonga moja moja.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Bibi, wewe unanunua au hununui?"

Akafungua fundo la khanga.