Noti ya Babu Yenye Muhuri wa Buluu

Tulipokuwa tukipanga nyaraka za marehemu babu kule Vihiga, noti ya dola moja ilidondoka kutoka katika Biblia yake. Babu alikwenda Marekani kusoma mwaka wa 1960, kwa zile safari za ndege za wanafunzi ambazo Tom Mboya na wenzake walizianzisha mwaka uliotangulia. Niliipeleka Kisumu katika duka la kubadilishia fedha, na keshia akanirudishia bila hata kuigeuza, akisema kwamba muda wake ulikwisha zamani.

Nilielewa alikotoa wazo hilo, kwa kuwa sote tuliona noti zetu za zamani za shilingi 1,000 zikikoma kutumika tarehe 1 Oktoba 2019. Marekani ina desturi nyingine: noti ilizotoa tangu 1861 bado ni halali kwa thamani iliyoandikwa juu yake.

Kinachozitofautisha kwanza ni rangi ya muhuri na ya nambari. Kijani ni noti ya kawaida ya benki kuu yao, na nyekundu ni ile iliyotolewa na serikali yenyewe. Ya babu ni ya buluu, na juu yake imeandikwa kwamba mwenye kuileta atalipwa dola moja ya fedha, yaani madini yenyewe, ahadi iliyodumu hadi Juni 1968. Lugha yetu inayoita pesa na madini hayo kwa neno moja, fedha, inaieleza noti hii vizuri kuliko maelezo yoyote niliyoyasoma.

Mwaka ulioandikwa, 1957, ni wa toleo wala si wa kuchapishwa, na uzee peke yake hauongezi bei, kwa sababu noti za toleo hilo zilichapishwa kwa wingi mno. Nilitafuta nyota mahali pa herufi inayotangulia nambari, alama ya noti iliyochapishwa kuchukua nafasi ya iliyoharibika kiwandani, lakini nikakuta herufi A. Nilipoiinua dirishani, mkunjo mmoja ulionekana ukipita katikati ya uso wa Washington. Binamu yangu alitaka kuupiga pasi, nikamzuia, maana wanunuzi hutambua karatasi iliyooshwa au kunyooshwa na kuishusha bei papo hapo.

Kwa hali hiyo, noti ya babu ina thamani ya dola chache tu. Nyanya ameomba irudishwe katika Zaburi, ukurasa uleule.